Zaidi ya Milango Mitano: Utendaji wa Ogani za Hisi na Msamiati wa Kuhisi katika Kiswahili

Ikisiri

Vitabu vingi vya shule huwafundisha watoto kwamba mwanadamu ana "milango mitano ya fahamu". Makala haya yanaeleza jinsi ogani za hisi zinavyofanya kazi na kuonyesha kwamba istilahi hiyo, ingawa imezoeleka, inaficha mambo mawili ya msingi: ogani hazipitishi vitu vya nje bali huvibadilisha kuwa ishara za neva, na idadi ya hisi inazidi tano. Makala yanaonyesha pia kwamba vitenzi vya kawaida vya Kiswahili, hasa *sikia* na *ona*, pamoja na msamiati wa maumivu, vinaweza kubeba maelezo hayo bila kuhitaji ukopaji mkubwa. Hata hivyo, upana wa maana za *sikia* ni hatari pale unapoingia katika dodoso la afya au sensa bila kufafanuliwa. Mapendekezo yanatolewa kwa waundaji wa istilahi, waandishi wa vitabu na washauri wa sera katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Mwalimu anapofundisha kuhusu macho, masikio, pua, ulimi na ngozi, istilahi inayomjia mdomoni kwa urahisi ni *milango ya fahamu*. Sitiari hii ina nguvu. Inamwonyesha mtoto mwili kama nyumba na akili kama mwenye nyumba aliyeketi ndani, akingoja wageni. Lakini sitiari yoyote huja na madai yake. Mlango humpitisha mgeni kama alivyo; aliyebisha hodi nje ndiye anayeonekana sebuleni. Aidha, nyumba ina idadi maalumu ya milango, na hesabu ya mitano ni ya kale sana: Aristotle aliifuata katika karne ya 4 K.K.

Fiziolojia ya leo haikubaliani na madai hayo. Jambo hili lisingekuwa na uzito mkubwa kama lingebaki darasani. Lakini Kiswahili kimekuwa lugha rasmi nchini Rwanda tangu 2017, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mwaka huohuo Umoja wa Afrika ulikipitisha Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake za kazi. Kadiri lugha inavyovuka mipaka, ndivyo fomu za hospitali, madodoso ya utafiti na maswali ya sensa yanavyovuka nayo. Mhudumu wa afya anapomuuliza mgonjwa "Unasikia vizuri?", jibu litakalopatikana linategemea maana ambayo kitenzi *sikia* kinabeba katika Kiswahili cha mgonjwa huyo. Kwa mmoja ni swali la masikio. Kwa mwingine ni swali la afya yote. Kwa wa tatu ni swali la kama ameelewa.

Makala haya yanaanza na utendaji wa ogani zenyewe, kisha yanarejea kwenye lugha na sera.

2.0 Kutoka Kichocheo hadi Hisia

Kila ogani ya hisi hufanya kazi kwa hatua zinazofanana. Kwanza kuna kichocheo: mwanga, mtikisiko wa hewa, molekuli ya kemikali, mkandamizo au joto. Pili kuna kipokezi, yaani seli au sehemu ya seli iliyoumbwa kuitikia aina fulani ya kichocheo. Tatu, kipokezi hubadilisha nishati ya kichocheo kuwa mabadiliko ya umeme katika utando wa seli. Nne, mabadiliko hayo husafiri kama ishara kupitia neva hadi kwenye ubongo, na hapo ndipo hisia huundwa.

Hatua ya tatu ndiyo inayovunja sitiari ya mlango. Mwanga hauingii ubongoni, bali huishia kwenye retina. Sauti haipiti zaidi ya sikio la ndani. Kinachoendelea mbele ni ishara za umeme ambazo, zikipimwa katika neva ya jicho au ya sikio, ni za aina moja. Tofauti kati ya kuona na kusikia haitokani na umbo la ishara bali inatokana na njia zinazopita na maeneo ya ubongo zinakofika. Mwanafiziolojia Mjerumani Johannes Müller alilieleza wazo hili katika karne ya 19. Ushahidi wake rahisi unapatikana kwa kubonyeza taratibu pembe ya jicho lililofumbwa: mtu huona doa la mwanga ingawa hakuna mwanga uliomfikia. Waswahili husema aliyepigwa kofi zito *ameona vimulimuli*. Usemi huo hauna chumvi. Mtikisiko umeichochea mifumo ya kuona, na ubongo, usiojua lugha nyingine kutoka njia hiyo, umeutafsiri kuwa mwanga.

Hapa ni vyema kutenganisha maneno mawili yanayochanganywa mara nyingi. *Hisi* ni uwezo wa mwili wa kupokea aina fulani ya kichocheo. *Hisia* ni matokeo yanayotambuliwa na mtu. Ogani zina hisi. Mtu ana hisia.

3.0 Ogani Zinazofahamika

3.1 Jicho

Mwanga huingia kupitia konea, hupita katika mboni, hulengwa na lenzi na kuangukia retina. Mwanga unaoonekana kwa binadamu una urefu wa mawimbi wa takriban nanomita 400 hadi 700. Retina ina seli pokezi za aina mbili kuu: zenye umbo la fito, zipatazo milioni 120, zinazofanya kazi katika mwanga hafifu, na zenye umbo la koni, zipatazo milioni 6, zinazowezesha kuona rangi na mambo madogomadogo. Neva ya jicho ina nyuzi zipatazo milioni moja tu. Uwiano huo unatosha kuonyesha kwamba retina haipeleki kila kitu. Huchuja, hulinganisha na kufupisha kabla ya kutuma.

Kiini cha ubadilishaji ni molekuli inayotokana na vitamini A. Mwanga unapoigusa, hujinyoosha, na mnyooko huo huanzisha mfululizo wa mabadiliko ya kikemikali ndani ya seli. Kwa sababu hiyo, ukosefu wa vitamini A huathiri kwanza uwezo wa kuona gizani. Mtoto anayejikwaa jioni huku akiona vizuri mchana hana macho mavivu. Seli zake za fito zimekosa malighafi. Mwalimu anayeuelewa mnyororo huu anaweza kueleza sababu ya kula mchicha, viazi vitamu vya rangi ya chungwa na maini badala ya kuamuru tu.

3.2 Sikio

Katika sikio, istilahi za Kiswahili zimefanya kazi nzuri. *Kiwambo cha sikio* kinatokana na kitenzi *wamba*, yaani kutandaza ngozi na kuikaza, kama mafundi wanavyowamba ngoma. Neno hilo linaeleza muundo na utendaji kwa pamoja: utando uliokazwa ambao hutikiswa na hewa. Nyuma yake kuna mifupa mitatu midogo, *nyundo*, *fuawe* na *kikuku*, inayopeleka mtikisiko kwenye koklea, mrija uliojipinda kama gamba la konokono na kujaa majimaji.

Ndani ya koklea kuna seli zenye vinywele, zipatazo 15,000 au 16,000 katika kila sikio. Sauti nyembamba hutikisa zaidi sehemu ya mwanzo ya mrija, na sauti nzito sehemu ya mwisho. Ubongo hutambua kimo cha sauti kwa sehemu kutokana na mahali ishara ilipotoka. Kijana mwenye masikio mazima husikia kati ya takriban hezi 20 na 20,000. Seli hizo kwa binadamu hazioti upya zikifa. Kelele za mashine ya kusaga, karakana au spika za harusi huacha hasara isiyorudishwa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilikadiria kuwa watu zaidi ya bilioni 1.5 duniani wana kiwango fulani cha upungufu wa kusikia, na kwamba milioni 430 kati yao wanahitaji huduma za urekebishaji.

3.3 Pua na ulimi

Molekuli za harufu huyeyuka katika ute wa pua na kushikana na vipokezi vya aina zipatazo 400. Familia ya jeni za vipokezi hivyo iligunduliwa mwaka 1991 na Linda Buck na Richard Axel, waliotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Harufu moja huamsha vipokezi vya aina kadhaa, na kipokezi kimoja huitikia harufu nyingi. Utambuzi unatokana na mseto, kama herufi chache zinavyounda maneno mengi. Njia ya harufu hufika kwenye maeneo ya ubongo yanayohusika na hisia za moyoni na kumbukumbu bila kupitia kwanza thalamasi, kituo ambacho hisi nyingine nyingi hupitia.

Ulimi, kwa upande wake, hutambua ladha za msingi tano: ya sukari, ya chumvi, ya ugwadu, ya uchungu na ile iliyopewa jina la Kijapani *umami* na Kikunae Ikeda mwaka 1908. Sehemu kubwa ya kile kinachoitwa ladha ya chakula ni harufu inayopanda kutoka kooni kwenda puani. Ndiyo maana mwenye mafua hulalamika kwamba chakula hakina ladha ingawa ulimi wake ni mzima.

Istilahi zinahitaji uangalifu hapa. *Tamu* katika Kiswahili ni sifa ya sukari, lakini pia ya mchuzi wa samaki, hadithi na usingizi. *Ukakasi*, ule wa ndizi mbichi au bibo, huorodheshwa kama ladha, ilhali kwa kiasi kikubwa ni hisi ya mguso: kemikali za tunda hushikana na protini za mate, ulaini wa mdomo hupungua, na ulimi huhisi mkwaruzo.

3.4 Ngozi

Ngozi si hisi moja. Ina vipokezi vya mkandamizo, mtikisiko, mnyooko, joto, baridi na maumivu, kila kimoja na neva zake. Ncha ya kidole hutofautisha nukta mbili zilizoachana kwa milimita 2 au 3. Mgongoni nukta hizo zinaweza kuhitaji kuachana kwa takriban milimita 40. Tofauti hiyo inatokana na wingi wa vipokezi na ukubwa wa eneo ambalo ubongo umelitengea kila sehemu ya mwili.

Mwaka 1997 kundi la David Julius lilitambua kipokezi kinachoitikia joto linalozidi takriban nyuzi 43 za Selsiasi na pia kemikali ya pilipili. Mwaka 2010 kundi la Ardem Patapoutian lilitambua protini zinazoitikia mkandamizo. Wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Kwa maneno mengine, pilipili si ladha. Ni taarifa ya moto iliyotumwa na neva za joto na maumivu.

4.0 Hisi Zilizo Nje ya Orodha

Katika sikio la ndani, pembeni mwa koklea, kuna mirija mitatu ya nusuduara na vifuko viwili vinavyopima mzunguko na mwelekeo wa kichwa. Ogani hii haisikii chochote. Ikipata hitilafu, mtu hupata *kizunguzungu*. Katika misuli na viungo kuna vipokezi vinavyoueleza ubongo mkono uko wapi hata macho yakiwa yamefumbwa. Bila hivyo hakuna anayeweza kupeleka tonge mdomoni gizani. Ndani ya mwili kuna vipokezi vya kujaa kwa kibofu, mnyooko wa tumbo, shinikizo la damu na ukolezi wa chumvi mwilini, ambao huleta kiu.

Watafiti hawahesabu hisi kwa namna moja, kwa kuwa hesabu hutegemea kigezo: aina ya kichocheo, aina ya kipokezi au aina ya hisia. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba tano haitoshi.

5.0 Kitenzi *Sikia* na Ndugu Zake

Kiswahili kina vitenzi vya kitendo vinavyofuata ogani kwa ukaribu: *tazama*, *sikiliza*, *nusa*, *onja*, *gusa*, *papasa*. Kila kimoja kinataja kazi ambayo mtu huifanya kwa makusudi kwa kutumia kiungo fulani. Lakini katika kutaja matokeo, lugha hubadilika. Mtu huona kwa macho, ila mengi ya yaliyobaki huwekwa chini ya *sikia*: kusikia sauti, kusikia harufu, kusikia ladha, kusikia baridi, kusikia njaa, kusikia maumivu, kusikia usingizi. Katika pwani *ona* nacho hufanya kazi kama hiyo: kuona njaa, kuona baridi, kuona haya.

Mfumo huu unapatikana pia katika lugha jirani. *Kumva* katika Kinyarwanda, *kwumva* katika Kirundi, *okuwulira* katika Kiganda na *koyoka* katika Kilingala vyote huunganisha kusikia sauti na kuhisi. Åke Viberg, katika uchunguzi wake wa vitenzi vya hisi wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, alipendekeza kwamba maana hupanuka kwa mpangilio: kitenzi cha kuona kinaweza kuchukua maana za hisi nyingine, na cha kusikia kinaweza kuchukua maana za mguso, ladha na harufu, lakini si kinyume chake. Takwimu za Kibantu zilizotajwa hapa zinaafikiana na mpangilio huo.

Hili lisitafsiriwe kwamba wahenga walijua fiziolojia ya neva. Vitenzi havikuundwa maabara. Lakini mgawanyo huo ni zana bora ya kufundishia. Kitendo ni cha ogani: mtu anaweza kunusa, yaani kuvuta hewa puani, na asisikie harufu. Wagonjwa wengi wa UVIKO-19 walikutana na hali hiyo. Pua ilivuta hewa vilevile, hisia haikuundwa. Mwanafunzi anayeelewa tofauti ya *nusa* na *sikia harufu* ameshaelewa tofauti ya kazi ya ogani na kazi ya mfumo mzima hadi ubongoni. Na mwanafunzi anayesema *nasikia njaa* tayari ana nafasi katika lugha yake kwa hisi za ndani ambazo orodha ya mitano inazikataa.

6.0 Msamiati wa Maumivu

Kivumishi *kali* huunganisha jua, pilipili, siki na maumivu. Kipokezi kilichotambuliwa mwaka 1997 huitikia joto, kemikali ya pilipili na asidi, na ishara yake huleta maumivu. Kivumishi hicho husema pia kisu, mbwa na mwalimu, hivyo ulinganifu usivutwe kupita kiasi. Hata hivyo, kinatoa mlango wa kuanzia somo.

Muhimu zaidi ni vitenzi. Mtu akijikwaa kidole cha mguu, husikia kwanza maumivu ya kuchoma na kisha, baada ya kama sekunde moja, maumivu mazito yanayodumu. Ya kwanza husafirishwa na nyuzi zenye kasi ya takriban mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Ya pili na nyuzi zenye kasi isiyozidi mita 2. Kiswahili kinatofautisha: *choma*, *washa*, *chonyota*, *pwita*, *sokota*, *wanga*, *waka moto*, *fa ganzi*. Jipu hupwita, tumbo husokota, kidonda chenye ndimu huchonyota. Mgonjwa wa kisukari anayesema nyayo *zinawaka moto* usiku na *zimekufa ganzi* mchana ameshataja dalili mbili za kuharibika kwa neva. Akiandikiwa katika jalada "maumivu ya miguu", taarifa hiyo imepotea.

Kwa Kiingereza, Ronald Melzack alichapisha mwaka 1975 dodoso la maumivu lenye maneno 78 katika makundi 20. Kulitafsiri neno kwa neno hakutoshi, kwa sababu maneno ya lugha moja hayagawi maumivu kama ya nyingine. Kazi inayofaa ni kuanza na vitenzi vya wasemaji wenyewe na kuvipanga kwa kadiri vinavyotofautisha hali za kitabibu.

7.0 Athari kwa Sera na Mapendekezo

Kikundi cha Washington, kilichoundwa mwaka 2001 chini ya Kamisheni ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa, kina seti fupi ya maswali sita kuhusu ulemavu ambayo hutumiwa katika sensa za nchi nyingi. Moja linahusu ugumu wa kusikia. Likiulizwa kwa *kusikia* pekee, msemaji ambaye kwake *sisikii vizuri* ni kauli ya kuumwa atajibu swali ambalo hakuulizwa. Anayehesabiwa kimakosa kuwa na upungufu wa kusikia, na kiziwi anayeachwa nje ya hesabu, wote huathiri bajeti ya vifaa vya kusaidia kusikia na ya walimu wa lugha ya alama.

Kutokana na hayo, makala yanapendekeza:

(i) Maswali yote ya afya na sensa yaambatanishe kitenzi na yambwa yake: *kusikia sauti*, *kusikia harufu*, *kusikia mguso*. Kabla ya kutumiwa, yajaribiwe kwa wasemaji wa lahaja za pwani, bara na Kongo kwa kuwaomba waeleze walivyoelewa swali.

(ii) Vitabu vya sayansi vitumie *ogani za hisi* katika maelezo ya utendaji, na *milango ya fahamu* ibaki kama usemi wa kuanzia, ukifuatiwa na maelezo kwamba "mlango" huu hubadilisha kinachoufikia. Idadi isifungwe kwenye tano. Usawa wa mwili, mkao wa viungo na hisi za ndani ziingizwe.

(iii) Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ikishirikiana na BAKITA, BAKIZA na asasi za nchi nyingine wanachama, iandae orodha moja ya istilahi za hisi. Ianze na maneno yanayoeleza utendaji, kama *kiwambo* na *kipokezi*, na ikope pale tu ambapo neno la wazi halipo, kama *retina* na *koklea*.

(iv) Vyuo vya uuguzi na utabibu vikusanye msamiati wa maumivu kutoka kwa wagonjwa na kuuingiza katika mafunzo ya kuchukua historia ya mgonjwa.

8.0 Hitimisho

Ogani za hisi hubadilisha vichocheo kuwa ishara, na ubongo huunda hisia kutokana na ishara hizo. Maelezo hayo yanaweza kutolewa kwa Kiswahili fasaha, kwa kutumia vitenzi ambavyo mtoto wa miaka saba anavijua tayari. Kikwazo hakiko katika uhaba wa maneno bali katika kuyatumia bila kuyapima: darasani, ambako istilahi iliyozoeleka huachwa ifundishe isivyo, na zahanatini, ambako swali lenye maana tatu hupata jibu moja na jibu hilo huandikwa kana kwamba lilikuwa wazi. Gharama ya kuongeza neno *sauti* baada ya *kusikia* ni ndogo. Gharama ya kutoliongeza huwaangukia watu ambao tayari hawasikii.